Picha ya Kapteni Keppel: Hakimu Aliyekuja Kuhukumiwa

Katika Jumba la Makumbusho ya Bahari lililoko Greenwich, kando ya mto Thames, mjini London, imo picha kubwa ya rangi za mafuta ambayo kimo chake chapita kimo cha mtu mrefu. Ndani yake anaonekana kijana mwanajeshi akitembea ufukoni penye mawe. Nyuma yake bahari imechafuka, mawimbi yanavunjika juu ya mwamba, na mbingu zimetanda mawingu mazito. Upanga uko ubavuni, mkono mmoja ameunyosha mbele kana kwamba anawaamrisha watu tusiowaona, na hatua yake ni ya mtu asiyekuwa na wakati wa kupoteza. Kijana huyo ni Augustus Keppel, Kapteni katika Wanamaji wa Uingereza, na aliyemchora ni Joshua Reynolds. Kazi hiyo ilifanyika katika miaka ya 1752 na 1753, wakati Keppel alipokuwa na umri wa miaka 27.

Huenda ndugu msomaji akauliza askari wa nchi kavu, au polisi wa zamu katika kituo chake, ana haja gani na picha ya Mwingereza aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita. Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba mtu huyu aliitwa kukaa katika mahakama ya kijeshi na kumhukumu afisa mwenzake kifo, chini ya sheria ambayo haikumwachia nafasi ya kuchagua. Na miaka 22 baadaye yeye mwenyewe alisimamishwa mbele ya mahakama ya namna hiyo hiyo, akikabiliwa na shitaka lililoweza kumpeleka kaburini. Sisi tuliopita katika chuo cha makadeti tulifundishwa vifungu vya sheria za kijeshi hadi tukavijua kwa moyo. Lakini kujua kifungu ni jambo moja, na kukaa mezani huku uhai wa mwenzako ukingoja neno litokalo kinywani mwako ni jambo jingine kabisa.

Keppel alizaliwa tarehe 25 Aprili, 1725, katika ukoo wa watukufu. Babu yake, Mholanzi, alikuwa amefika Uingereza pamoja na Mfalme William wa Tatu, akatunukiwa cheo na ardhi. Mama yake alikuwa mjukuu wa Mfalme Charles wa Pili kwa njia ya mtoto wa nje ya ndoa. Katika zama zile nasaba ilikuwa ngazi ya kupandia vyeo, na hakuna sababu ya kuficha kwamba Keppel aliipanda ngazi hiyo. Hata hivyo bahari haiulizi mtu ni mwana wa nani. Alipelekwa melini akiwa na umri wa miaka 10 tu, umri ambao watoto wetu wangali wakijifunza kuandika insha, na safari zake za mwanzo zilimfikisha katika pwani ya Guinea, Afrika ya Magharibi.

Mwaka 1740 alipangwa katika manowari iliyoitwa Centurion, chini ya Komodoo George Anson, aliyeamriwa kwenda kuwashambulia Wahispania katika bahari ya Pasifiki. Manowari sita ziliondoka Uingereza zikiwa na watu wapatao 1,900. Waliokuwa wabaya kupita adui ni kiseyeye na dhoruba. Kiseyeye ni maradhi yampatayo mtu akosaye matunda na mboga kwa muda mrefu: fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, vidonda vya zamani vilivyokwisha kupona hufunguka upya, na hatimaye mgonjwa hufa kwa kuinuka tu kitandani. Watu walikufa kwa mamia. Mwezi Novemba, 1741, Keppel alikuwamo katika kundi lililouteka mji wa Paita, katika nchi ya Peru, na inasimuliwa kwamba risasi ilikata ukingo wa kofia yake karibu kabisa na kipaji cha uso. Mwezi Juni, 1743, karibu na visiwa vya Ufilipino, Centurion iliteka jahazi kubwa la Wahispania lenye vipande vya fedha zaidi ya milioni moja na laki tatu. Meli hiyo moja tu ndiyo iliyoizunguka dunia ikarudi Uingereza mwaka 1744, na hazina ile ikapitishwa katika mitaa ya London kwa magari 32 ya farasi. Watu walishangilia magari. Katika wale waliotoka na msafara, waliorudi ndani ya Centurion walikuwa 188 hivi.

Kijana aliyenusurika hapo hakubaki mdogo kwa muda mrefu. Alipandishwa cheo kuwa Kapteni mwaka ule ule wa 1744, naye hajatimiza miaka 20. Mwaka 1747, akiongoza manowari ya Maidstone yenye mizinga 50, aliifukuza meli ya Wafaransa karibu mno na pwani yao, na Maidstone ikapanda mwamba na kuvunjika. Keppel na watu wake wakawa mateka. Aliporudishwa kwao alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, kama ilivyo desturi ya Wanamaji kwa kila nahodha apotezaye meli, akaonekana hana hatia. Wataalamu wengi wa sanaa wanaamini kwamba bahari iliyochafuka na mwamba ulioko katika picha ya Greenwich ni ukumbusho wa tukio hilo: nahodha aliyepoteza chombo, lakini hakupoteza akili wala amri juu ya watu wake. Ikiwa ndivyo, basi ni jambo la kustaajabisha kwamba afisa alikubali kuchorwa katika mandhari ya kushindwa kwake. Wengi wetu tungeomba tuchorwe siku ya ushindi.

Urafiki wake na mchoraji ulianza mwaka 1749. Reynolds alikuwa mtoto wa mwalimu wa shule katika jimbo la Devon, maskini wa mali lakini tajiri wa kipaji, naye alitamani mno kwenda Italia kuona kazi za mabingwa wa kale. Keppel, ambaye wakati huo alikuwa amepewa cheo cha komodoo na kuamriwa kwenda bahari ya Mediterania, alimchukua bure ndani ya Centurion. Kazi iliyompeleka huko ilikuwa ya diplomasia zaidi kuliko ya vita: kumtaka mtawala wa Algiers, aliyeitwa Dey, awazuie maharamia wake wasiziguse meli za Kiingereza. Kuna kisa kinachosimuliwa tangu zamani, ambacho msomaji atakipokea kama kisa tu, kwamba Dey alikasirika kuona Mfalme wa Uingereza amemtumia mvulana asiye na ndevu. Keppel naye akamjibu kwamba kama bwana wake angedhani hekima hupimwa kwa urefu wa ndevu, basi angemtuma beberu. Kiwe kweli kisiwe kweli, mkataba ulipatikana mwaka 1751. Reynolds naye alikaa Italia hadi mwaka 1752, na aliporudi London alimlipa mfadhili wake kwa kile alichokuwa nacho, yaani brashi na rangi. Picha ile aliiweka katika chumba chake cha kazi, na matajiri walioiona wakaanza kupiga foleni ili nao wachorwe. Hivyo yasemekana kwamba ni Keppel aliyemfanya Reynolds, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe.

Mwaka 1756, Admirali John Byng alipelekwa na kundi la manowari kuiokoa ngome ya Waingereza katika kisiwa cha Minorca, iliyokuwa imezingirwa na Wafaransa. Serikali ilikuwa imechelewa kumtuma, na meli alizopewa hazikuwa na mabaharia wa kutosha. Tarehe 20 Mei alipambana na Wafaransa, na nguvu zilikaribia kulingana. Meli za mbele za Byng ziliumia vibaya, lakini yeye hakuvunja mstari wa vita ili kwenda kuzisaidia kwa haraka. Alikuwa na sababu yake. Miaka michache kabla ya hapo, Admirali Mathews alifukuzwa jeshini kwa kosa la kuvunja mstari katika vita vya Toulon vya mwaka 1744, na miongoni mwa majaji waliomhukumu Mathews alikuwamo Byng mwenyewe. Baada ya mapigano yale Byng aliita baraza la maafisa wake, wakakubaliana kurudi Gibraltar. Ngome ya Minorca, ilipoona hakuna msaada, ikasalimu amri mwishoni mwa Juni.

Wananchi wa Uingereza walighadhibika, na wakubwa wa serikali waliona afadhali ghadhabu hiyo imwangukie admirali kuliko kuwaangukia wao. Byng akashitakiwa. Mahakama ilianza tarehe 28 Desemba, 1756, ndani ya manowari ya St George katika bandari ya Portsmouth. Majaji walikuwa 13: maadmirali wanne na makapteni tisa. Mmoja wa makapteni hao alikuwa Keppel, mwenye umri wa miaka 31.

Ni lazima msomaji afahamu jinsi Kifungu cha 12 cha Kanuni za Vita kilivyokuwa. Kilisema kwamba afisa ambaye wakati wa vita, kwa woga, au kwa uzembe, au kwa kutopenda, hakufanya yote awezayo kumwangamiza adui au kuwasaidia wenzake, adhabu yake ni kifo. Zamani kifungu hicho kiliwaruhusu majaji kutoa adhabu nyingine kwa kadiri ya uzito wa kosa. Lakini mwaka 1749 maneno hayo ya huruma yalifutwa, kwa kuwa ilionekana kwamba mahakama za Wanamaji zimekuwa zikiwapendelea wakubwa. Kwa hiyo mwoga aliyekimbia na mtu shujaa aliyepotoka katika uamuzi wakawekwa katika kapu moja. Kusudi la sheria lilikuwa jema. Sheria yenyewe ilikuwa na makali pande zote mbili.

Majaji wale walisikiliza ushahidi kwa mwezi mzima. Waliona kwamba Byng hakuwa mwoga wala msaliti, nao wakalitamka hilo waziwazi. Lakini waliona pia kwamba hakufanya yote aliyoweza kufanya, na wakishafika hapo mlango uliobaki wazi ulikuwa mmoja tu. Tarehe 27 Januari, 1757, walimhukumu kifo, na papo hapo wakaandika ombi la pamoja kwamba asamehewe, kwa sababu dhamiri zao hazikuwapa raha. Majaji walimwomba mtu mwingine atende haki ambayo wao wenyewe hawakuweza kuitenda.

Msamaha haukuja. Keppel, ambaye tangu mwaka 1755 alikuwa pia mbunge, alifanya jambo lisilokuwa la kawaida kwa afisa wa umri wake. Alisimama katika Baraza la Makabwela akaomba yeye na wenzake wafunguliwe kiapo cha siri walichokula mahakamani, ili waeleze yaliyowasukuma kutoa hukumu ile na kuomba msamaha. Utekelezaji wa hukumu ukaahirishwa kidogo. Baraza la Makabwela likapitisha muswada. Lakini ulipofika katika Baraza la Malodi, majaji waliitwa mmoja mmoja na kuulizwa chini ya kiapo kama wana jambo la maana la kufichua, na wengi wao, wakiwamo wale ambao Keppel aliwategemea, walijibu kuwa hawana. Muswada ukatupwa, na Keppel akabaki kama mtu aliyepiga kelele juani peke yake.

Tarehe 14 Machi, 1757, juu ya sitaha ya manowari ya Monarch, Admirali Byng alipiga magoti juu ya mto, akafungwa kitambaa machoni, na kwa mkono wake mwenyewe akaangusha leso iliyokuwa ishara kwa askari wa kikosi cha kupiga risasi.

Je, Keppel alitenda sawa? Wapo wasemao kwamba angekataa kabisa kutia sahihi. Mimi, kwa upande wangu, naona kwamba jaji wa kijeshi aliyekula kiapo cha kuifuata sheria hawezi kuitupa siku ile asiyoipenda, kwa maana kesho mwingine ataitupa kwa sababu mbaya zaidi. Lakini pia siwezi kumsifu kwa kura yake. Ninachoweza kumsifu ni kwamba baada ya kura hakunawa mikono akaenda kulala. Alikuwa na cheo cha kulinda na wakubwa wa kuwafurahisha, na bado alisimama hadharani akataka kuokoa maisha ya mtu aliyekwisha kumhukumu. Wenziwe walikaa kimya, na vyeo vyao havikupungua kitu.

Vita viliendelea, na yeye akaendelea navyo. Mwishoni mwa mwaka 1758 alipelekwa kukitwaa kisiwa cha Gorée, kilichoko mbele ya mahali ulipo mji wa Dakar. Njiani moja ya manowari zake, Lichfield, ilivunjika katika pwani ya Morocco, na wale waliookoka wakashikwa hadi walipokombolewa. Tarehe 29 Desemba mizinga yake iliipiga Gorée mpaka Wafaransa wakasalimu amri. Msomaji wa Afrika hawezi kupita hapa bila kusimama. Gorée ilikuwa moja ya vituo vilivyouza watu wetu ng'ambo, na Keppel hakwenda kuuzima uovu huo. Alikwenda kumnyang'anya Mfaransa kituo cha biashara, kisha katika mkataba wa mwaka 1763 kisiwa kikarudishwa kwa Mfaransa kama mtu arudishavyo jembe la kuazima. Waliokuwa wamefungwa katika vyumba vya chini hawakuona tofauti yo yote kati ya bendera hizo mbili. Kisiwa hicho kiliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1978.

Tarehe 20 Novemba, 1759, katika ghuba ya Quiberon, pwani ya Ufaransa, ilitokea siku ambayo mabaharia waliisimulia kwa miaka mingi. Upepo ulikuwa mkali na mawimbi makubwa. Keppel, akiiongoza Torbay, alikuwa akipigana ubavu kwa ubavu na manowari ya Kifaransa iliyoitwa Thésée. Meli zote mbili zilikuwa zimefungua madirisha ya mizinga ya chini, na wimbi likaingia. Torbay ilijaa maji, ikaponea chupuchupu. Thésée ilizama papo hapo, ikiwa na watu wapatao 650. Keppel aliamuru mashua zishushwe katika bahari ile ile iliyokuwa karibu kummeza, ili kuwaokoa adui zake. Walioopolewa walikuwa 22 tu.

Mwaka 1761 aliongoza meli katika kukiteka kisiwa cha Belle Île, na mwaka 1762 alikuwa msaidizi wa Admirali Pocock katika kuuteka mji wa Havana, nchini Cuba, ambako ndugu yake mkubwa ndiye aliyekuwa jemadari wa jeshi la nchi kavu. Homa ya manjano iliwaua askari kwa maelfu. Ngawira ilipogawanywa, jemadari na admirali walipata kila mmoja zaidi ya pauni 122,000, Keppel akapata pauni 24,539, na baharia wa kawaida akapata pauni 3 na shilingi 14. Hesabu hiyo haihitaji maelezo.

Miaka ya amani ikapita, na vyeo vikapanda. Vita vya Uhuru wa Amerika vilipozuka, Keppel alieleza kwamba hatapigana na Wamarekani, ambao aliwahesabu kuwa ndugu. Ila akitakiwa kupigana na adui wa Ulaya yuko tayari. Mwaka 1778 Ufaransa ilipoingia upande wa Wamarekani, akaitwa kuongoza kundi kubwa la manowari linalolinda mlango wa bahari wa Uingereza. Bendera yake aliipandisha juu ya Victory, ile ile ambayo baadaye ilikuwa ya Nelson na ambayo imehifadhiwa Portsmouth.

Tarehe 27 Julai, 1778, karibu na kisiwa cha Ushant, manowari zake 30 zilikutana na kundi la Wafaransa lililokaribia idadi hiyo. Upepo ulikuwa ukigeuka, na Keppel, akichelea kwamba adui atamtoroka, hakungoja kupanga mstari kamili. Aliwashambulia kama alivyowakuta. Makundi mawili yakapishana yakirushiana mizinga. Wafaransa walilenga milingoti na matanga, wakaharibu mengi. Alasiri Keppel akatoa ishara za bendera ili meli zake zijipange upya na kushambulia mara ya pili. Kikosi cha mbele kikaja. Kikosi cha nyuma, chini ya Makamu Admirali Sir Hugh Palliser, hakikuja. Ishara ilirudiwa; baadaye meli ndogo ikatumwa na ujumbe wa mdomo. Meli ya Palliser ilikuwa imeumia mlingoti, lakini hakumwarifu mkubwa wake jambo hilo. Jua likatua, na kulipopambazuka Wafaransa hawakuwapo. Hakuna upande uliopoteza hata meli moja.

Hapa Keppel alifanya kosa ambalo afisa mwema hulifanya. Katika taarifa yake rasmi aliwasifu wasaidizi wake wote, Palliser naye akiwamo. Alitaka kulinda heshima ya mwenzake na umoja wa kundi. Lakini maneno ya kweli yalipita chini kwa chini kutoka meli hadi meli, na mwezi Oktoba gazeti moja likachapisha habari kwamba ni Palliser aliyeharibu ushindi. Palliser akamjia Keppel na karatasi akimtaka atie sahihi kukanusha. Keppel akakataa. Ikumbukwe kwamba Palliser, licha ya kuwa baharini chini ya Keppel, alikuwa pia mmoja wa wakuu wa Idara ya Wanamaji mjini London. Basi ofisini alikuwa juu ya yule ambaye melini alikuwa juu yake. Mpango kama huo hauwezi kuzaa nidhamu. Mwezi Desemba Palliser akafungua mashtaka matano dhidi ya mkubwa wake, na Idara ikayapokea upesi, ingawa maadmirali 12 walimwandikia Mfalme kulalamika.

Shitaka la kwanza lilisema kwamba Keppel alimshambulia adui bila kupanga mstari wa vita. Byng aliuawa baada ya kuushika mstari. Keppel akashitakiwa kwa kutoungoja.

Kesi ilianza Portsmouth tarehe 7 Januari, 1779. Kwa kuwa afya yake ilikuwa imeharibika, Bunge lilipitisha sheria maalum ili isikilizwe nchi kavu. Ilichukua wiki tano. Jambo lililowashangaza wasikilizaji kuliko yote lilihusu batli, yaani daftari la kumbukumbu za kila siku za meli. Ilidhihirika kwamba batli ya manowari Robust ilikuwa imerekebishwa baada ya vita, na katika batli ya meli ya Palliser mwenyewe kurasa zinazohusu siku zile hazikuwamo. Kila askari polisi aliyewahi kuandika katika kitabu cha matukio cha kituo anaelewa maana yake. Tarehe 11 Februari mahakama ilitamka kwamba mashtaka yale yalitokana na nia mbaya na hayakuwa na msingi, ikamwachilia Keppel kwa heshima.

London ililipuka kwa shangwe, na shangwe ikageuka kuwa ghasia. Nyumba ya Palliser ilivunjwa na vyombo vyake vikachomwa. Malango ya Idara ya Wanamaji yaling'olewa. Madirisha yasiyowashwa taa za furaha yakapigwa mawe. Palliser naye alihukumiwa baadaye, akaachiliwa, ila akalaumiwa kwa kutomwarifu mkubwa wake hali ya meli yake. Mwaka huo huo wa 1779 Bunge lilikirekebisha kile kifungu kilichomwua Byng, na majaji wakarudishiwa uwezo wa kutoa adhabu nyingine isiyokuwa kifo. Kwa Byng ilikuwa imechelewa miaka 22.

Keppel hakupelekwa tena vitani. Mwaka 1782, serikali ilipobadilika, alifanywa mkuu wa Idara ile ile iliyomshitaki, akapewa na cheo cha Viscount. Alikaa humo hadi mwisho wa mwaka 1783, kwa kukatizwa miezi michache. Hakuoa. Alifariki tarehe 2 Oktoba, 1786, akiwa na umri wa miaka 61.

Baada ya kesi yake alimwendea rafiki yake wa zamani, akamtaka achore picha mpya ambazo yeye Keppel aliwapa mawakili waliomtetea, pamoja na mwanasiasa Edmund Burke aliyesimama naye siku zote za kesi. Katika picha hizo hakuna ufuko wala tufani. Kuna mzee mnene kiasi, uso umechoka, mkono umeshika upanga. Na anayemtazama baada ya kutazama ile ya mwaka 1753 huchukua muda kutambua kwamba ni mtu mmoja.

Na liko jambo moja ambalo watazamaji wengi wa jumba la Greenwich hawalijui. Joshua Reynolds, kabla ya kujitegemea, alijifunza uchoraji kwa bwana mmoja wa London aitwaye Thomas Hudson. Huyo Hudson, mnamo mwaka 1749, ndio mwaka ambao kile kifungu kilifanywa kuwa kikali, alichora picha ya afisa mmoja wa Wanamaji, amesimama kwa fahari katika mavazi yake. Afisa huyo ni John Byng. Picha yake na picha ya Keppel zimo katika hazina ya jumba hilo hilo.